Bei ya deni kwa mwezi: mpango wa kutoka kwenye madeni kwa mwenye mshahara mdogo

Mwalimu anadaiwa laki tano na mkopeshaji wa mtaani, riba 20% kwa mwezi. Kila mshahara unapoingia anapeleka laki moja, hakosi, na mwezi unaofuata deni lake bado ni laki tano. Mwaka ukiisha atakuwa ametoa milioni moja na laki mbili, na mkopeshaji akifungua daftari atamwonyesha kwamba hajapunguza hata shilingi. Tunasema dawa ya deni ni kulipa. Huyu analipa, tena kwa uaminifu mkubwa. Anacholipa ni kodi ya kukaa na deni. Deni lenyewe halijaguswa.

Ndiyo maana mpango wa kutoka kwenye madeni hauanzi na moyo wa kulipa. Watu wengi wanaozama kwenye madeni wana huo moyo, wanaukosa usingizi kwa sababu wanao. Wanachokosa ni kujua kila deni linawagharimu kiasi gani kwa mwezi, na ni shilingi ngapi hasa zinabaki mkononi baada ya watoto kula. Namba hizo mbili zikikaa kwenye karatasi moja, mpangilio wa nani alipwe kwanza unajitokeza wenyewe, na mara nyingi ni tofauti kabisa na ule ambao mtu amekuwa akiufuata.

Tutatumia mfano wa mtumishi wa umma wa Tanzania mwenye mshahara wa msingi wa 1,000,000, kwa sababu hesabu zake zinaonekana wazi kwenye hati ya mshahara. Kwa mfanyabiashara, fundi au dereva wa bodaboda kanuni ni ileile, ila kuna marekebisho tutayagusa mbele.

Mkononi kuna kiasi gani

Mtu akiulizwa mshahara wake hutaja milioni. Hiyo milioni hajawahi kuishika. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua 5%, yaani 50,000. Inabaki 950,000 ya kukatwa kodi ya mapato: kwa viwango vya sasa, kipato cha kati ya 760,000 na 1,000,000 kinalipa 68,000 pamoja na 25% ya kinachozidi 760,000, kwa hiyo kodi yake ni 115,500. Bima ya afya ni 3%, 30,000. Chama cha wafanyakazi 2%, 20,000. Kama alisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo inakata 15% ya mshahara wa msingi, 150,000. Jumla ya makato ni 365,500 na zinabaki 634,500 kabla benki haijagusa kitu.

Sasa inakuja theluthi. Kwa mtumishi wa umma, makato yote kwa pamoja hayatakiwi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa huyu ni 333,333. Kwa hiyo nafasi yote aliyonayo ya kukatwa mikopo kwenye mshahara ni 634,500 kutoa 333,333, yaani 301,167. Tuseme tayari ana mkopo wa benki unaokata 280,000. Anapokea 354,500, na nafasi iliyobaki kwenye mshahara ni kama elfu ishirini na moja tu. Ndiyo sababu ofisa mikopo wa benki ya pili anamwambia hafai, naye anatoka pale akiingia mtaani. Theluthi ilikusudiwa kumlinda, na kweli inamlinda na benki. Haimlindi na mtu anayekopesha kwa daftari na kadi ya benki iliyoshikiliwa.

Nje ya mshahara ana kuku na mafunzo ya ziada, wastani wa 120,000 kwa mwezi. Hapa watu wengi hukosea: huandika mapato ya mwezi mzuri. Andika wastani wa miezi sita iliyopita, na kama kipato kinapanda na kushuka sana, andika mwezi ulio chini kuliko yote katika hiyo sita. Mpango uliojengwa juu ya mwezi mzuri huvunjika mwezi wa pili, na mpango uliovunjika mara moja ni mgumu kuurudia, kwa sababu mwenyewe anaanza kuamini kwamba hawezi.

Jumla mkononi 474,500. Matumizi yake: kodi ya nyumba 80,000, chakula cha watu wanne 180,000, umeme na maji 25,000, nauli 30,000, shule 20,000, simu 10,000, riba ya mkopo wa kikoba 10,000, na 15,000 ya dharura. Hizo ni 370,000. Kinachobaki ni 104,500.

Kuhusu hiyo 15,000 ya dharura, usiifute hata ukishawishika. Mpango usio na senti ya dharura unakufa siku mtoto anapopata malaria, maana utamlazimu mtu akope tena elfu ishirini ya dawa, na akope kwa aliye karibu, ambaye ni yule ghali. Elfu kumi na tano kwa mwezi ni ndogo, lakini baada ya miezi minne ni elfu sitini, na hizo zinatosha safari nyingi za zahanati.

Daftari la madeni

Chukua daftari la kurasa mia, si kipande cha karatasi. Tenga jioni mbili, kwa sababu jioni ya kwanza utakumbuka madeni makubwa na ya pili utakumbuka yale unayoyaonea aibu. Kusanya hati ya mshahara, ujumbe wa simu wa mikopo, kitabu cha kikoba, na upite dukani uombe kuona ukurasa wako. Usiandike kwa kumbukumbu. Kumbukumbu ya mdaiwa hupunguza, na ya mdai huongeza.

Kwa kila deni andika anayekudai, kiasi kilichobaki leo, tarehe ya kulipa, kitu alichoshika kama dhamana, na bei ya deni hilo kwa mwezi kwa kila laki moja. Hiyo ya mwisho ndiyo safu inayobeba mpango mzima. Halafu ukurasa wa nyuma andika mikopo ya wengine uliyoidhamini. Udhamini ni deni lililolala. Kama umemdhamini mwenzako SACCOS na ameanza kuchelewa, ni bora ulijue sasa kuliko kulikuta kwenye akiba zako zilizozuiwa.

Kwa mwalimu wetu daftari linasomeka hivi:

Benki: 9,200,000, riba 16% kwa mwaka juu ya salio. Kila laki inagharimu kama 1,330 kwa mwezi.
Mkopeshaji wa mtaani: 500,000, riba 20% kwa mwezi. Kila laki 20,000. Ameshika kadi ya benki.
Mkopo wa simu: 60,000, ada ya 9% kila mwezi anapouzungusha. Kila laki 9,000.
Kikoba: 200,000, riba 5% kwa mwezi. Kila laki 5,000. Hisa zake huko ni 350,000.
Duka la mtaa: 85,000, hakuna riba.
Dada: 300,000, hakuna riba.

Ukitazama ukubwa, benki ndiyo ya kutisha. Ukitazama kelele, ni mkopo wa simu, kwa sababu unatuma ujumbe kila siku. Ukitazama aibu, ni dada na muuza duka. Ukitazama bei, kila laki ya mtaani inakula mara kumi na tano ya laki ya benki. Mtu anayegawa ile 104,500 sawasawa kwa wote, kila mmoja apate kidogo ili wote watulie, anafanya jambo la utu lakini analisha deni moja kwa jasho la mengine yote.

Namna ya kuijua bei halisi

Riba inayotajwa kwa mdomo mara nyingi si riba unayolipa. Kuna riba inayohesabiwa juu ya salio, inayopungua kadiri unavyolipa, na kuna riba inayohesabiwa juu ya mkopo mzima hadi siku ya mwisho. Mfano: laki tano kwa miezi mitano, “riba 10% kwa mwezi”, inayohesabiwa juu ya mkopo mzima. Unalipa 150,000 kila mwezi mara tano, jumla 750,000. Mwezi wa tano umebakiza kulipa laki moja tu ya mkopo, lakini bado unatozwa riba ya laki tano. Ukiigeuza kuwa riba ya salio, ni zaidi ya 15% kwa mwezi.

Ile mikopo ya wiki ambayo akina mama wameipa jina la kausha damu ina tabaka jingine. Tuseme unakopa 200,000, wanakata 10,000 ya fomu, unaondoka na 190,000, kisha unarejesha 30,000 kila wiki kwa wiki nane. Inasikika kama umeongeza elfu hamsini tu. Lakini hizo 190,000 hukuwa nazo wiki nane. Wiki ya kwanza tu umerudisha thelathini, wiki ya nne umekwisha kurudisha laki moja na ishirini. Kwa fedha uliyokuwa nayo mkononi kweli, gharama ni kama 5.5% kwa wiki, ambayo ni zaidi ya 20% kwa mwezi. Na rejesho linaanza wiki ileile, kabla mtaji haujazunguka hata mara moja. Mama anayeuza mboga anarejesha wiki ya kwanza kwa fedha ya mkopo wenyewe. Hakuna uzembe hapo. Biashara inayozaa faida ya 20% kwa mwezi, juu ya chakula cha nyumbani, ni chache mno.

Mikopo ya simu inataka uangalifu wa aina yake: ada nyingi ni za mara moja, hazihesabiwi kwa siku. M-Shwari ya Kenya, iliyoanza Novemba 2012, ilijulikana kwa ada ya 7.5% kwa mkopo wa siku 30. Ukilipa siku ya kumi ada haikurudii. Mwenye kukopa na kulipa kila baada ya siku kumi, akijiona mlipaji mzuri na akifurahia kikomo chake kupandishwa, amelipa 7.5% mara tatu ndani ya mwezi. Kwa hiyo kama mkopo wa simu una ada ya mara moja, usiulipe mapema ili ukope tena. Lipa siku yake, kisha uache.

Kikoba ni deni la aina yake. Riba yake ya 5% inaonekana kubwa kuliko ya benki, lakini sehemu yake inarudi kwenu wenyewe siku ya mgao. Zaidi ya hapo, una hisa 350,000 mle ndani. Ukikubaliana na wenzako mapema, kabla ya tarehe ya marejesho kupita na faini kuandikwa, mkopo wa 200,000 unaweza kukatwa kwenye mgao wa Desemba na bado ukabaki na kitu. Kinachoharibu vikoba ni mtu kutoweka. Anayehudhuria kikao na kusema “naomba nilipe riba hadi mgao” mara nyingi husikilizwa.

Kumaliza lililo ghali

Akiendelea kama alivyo, lakini sasa akimpelekea mkopeshaji wa mtaani 104,500 yote badala ya laki moja, atamaliza baada ya miezi 18. Jumla atakuwa ametoa 1,804,476 kwa mkopo wa laki tano. Zaidi ya milioni moja na laki tatu ni riba.

Sasa tuseme anauza mbuzi wawili na runinga, anapata 310,000. Elfu sitini inafuta mkopo wa simu, na siku hiyohiyo anaondoa huduma ya kukopa kwenye simu. Laki mbili na nusu inakwenda kwa mkopeshaji, kwa maandishi, ikiwa imeandikwa wazi kwamba ni ya kupunguza mkopo, si riba. Deni linabaki 250,000. Mwezi wa kwanza riba ni 50,000, na 54,500 inapunguza mkopo hadi 195,500. Mwezi wa pili riba 39,100, mkopo unashuka hadi 130,100. Wa tatu riba 26,020, unabaki 51,620. Mwezi wa nne analipa 61,944 na kufunga, na mkononi inabaki 42,556. Riba yote ya miezi hiyo minne ni 125,444.

Rudia kuzisoma hizo namba mbili: 1,304,476 na 125,444. Tofauti yake ni mbuzi wawili na runinga. Ndiyo maana tunasisitiza kuuza kitu mwanzoni, si katikati, hata kama kwa bei inayouma. Fedha ya mwezi wa kwanza ina nguvu ambayo fedha ya mwezi wa kumi haina. Ila usiuze kinachoingiza chakula. Cherehani, pikipiki, friji ya kuuzia juisi, shamba linalolimwa: hivyo vibaki. Runinga, simu ya pili, kiti cha sebuleni, kiwanja kilicholala huku unalipa 20% kwa mwezi: hivyo viende.

Baada ya hapo mpango unakimbia wenyewe. Ile 42,556 ya mwezi wa nne inakwenda dukani. Mwezi wa tano anamaliza duka na kumpa dada 62,056. Mwezi wa sita na wa saba vyote vinakwenda kwa dada, na mwezi wa nane anammalizia 28,944. Ikifika hapo, kikoba kikiwa kimekatwa kwenye mgao wa Desemba, kilichobaki ni benki peke yake, inayojikata yenyewe.

Katika miezi ile minne ya mwanzo, muuza duka na dada hawapati kitu. Hilo lisifanyike kimyakimya. Nenda kwa muuza duka ukiwa na tarehe: “Deni langu elfu themanini na tano, mwezi wa nne nitaanza, wa tano nitamaliza, na kuanzia leo nanunua kwa fedha taslimu.” Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo itakayomfanya akuamini. Mtaji wake ni mdogo, na kila mteja wa mkopo ni rafu iliyobaki tupu. Kwa dada ni hivyohivyo. Ndugu huumizwa zaidi na kuona umenyamaza kuliko kuona umechelewa.

Mazungumzo na mkopeshaji

Hapa pana hatari na panahitaji utulivu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma hizi katika madaraja manne. Wakopeshaji wasiopokea amana, pamoja na watu binafsi na wa kidijitali, wako daraja la pili na wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. SACCOS ni daraja la tatu, vikundi kama vikoba daraja la nne. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa 3.5% kwa mwezi kwa daraja la pili. Kwa laki tano hiyo ni 17,500, si laki moja.

Usimwendee mtu ukianza na kumtishia sheria. Mwendee ukiwa na fedha mkononi na karatasi yenye orodha ya yote uliyokwisha kumlipa, tarehe kwa tarehe. Anayepokea 250,000 kwa mkupuo yuko tayari kuzungumza kuliko anayepokea ahadi. Omba jambo moja: riba isimame na kilichobaki kigawanywe kwa miezi maalumu. Akikubali, hata mpango wetu wa miezi minne unafupika. Akikataa kabisa, ndipo uliza leseni yake na uandike malalamiko, kwanza kwake mwenyewe kwa maandishi, kisha Benki Kuu. Na tuseme wazi: kukosa leseni kwake hakufuti fedha uliyopokea. Unachopinga ni riba na namna ya kudai.

Kuhusu kadi ya benki: kumpa mtu kadi na namba ya siri ni kuvunja masharti ya akaunti yako, na maana yake mshahara unaingia mikononi mwake kabla ya kwako. Kurudishiwa kadi kuwe sehemu ya makubaliano ya siku unayolipa mkupuo. Ukishaipata, badilisha namba ya siri siku hiyohiyo. Usikimbilie benki kuifunga kabla hujazungumza, isipokuwa kama anachota zaidi ya mlichokubaliana; hapo ifunge bila kusubiri.

Jambo linalotuhuzunisha kuliko yote ni mkataba wa mauziano. Mkopeshaji anamwambia mtu asaini karatasi inayosema ameuza kiwanja au pikipiki yake kwa laki nane, “ni utaratibu tu”. Hakuna neno mkopo popote. Akichelewa, mkopeshaji anafika mahakamani akiwa mnunuzi, si mdai, na kuthibitisha vinginevyo ni kazi ngumu. Kama umesaini karatasi ya namna hiyo, deni hilo linapanda juu ya yote kwenye daftari hata kama riba yake ni ndogo, na kila malipo yapite benki au kwenye simu huku maelezo yakiandikwa “rejesho la mkopo”, ili ushahidi uwepo.

Wale wa programu za simu wanaopigia watu wote waliomo kwenye orodha yako ya mawasiliano na kuwatangazia kwamba unadaiwa wanavunja haki yako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzuia majukwaa na programu 69 za mikopo zilizofanya kazi bila leseni. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Hifadhi picha za ujumbe wa vitisho, usizifute kwa hasira. Vilevile, kushindwa kulipa deni peke yake ni shauri la madai, si jinai. Anayekuambia utalala rumande kesho kwa elfu sitini anatumia hofu yako.

Mahali mpango unapovunjikia

Michango. Harusi, msiba, kipaimara, kuaga wanafunzi. Hatuwezi kumwambia mtu aache kuchangia msiba, maana siku ya kwake atabaki peke yake. Lakini weka kiasi kimoja kwa mwezi, hata elfu tano, kikitoka kwenye kipengele cha nauli au simu, na kikiisha jibu liwe ni kwenda kwa miguu yako. Kuchota maji msibani na kulala matanga ni mchango unaokumbukwa. Harusi ya kadi ya laki inaweza kukosa laki yako.

Januari. Sare, daftari, michango ya shule, vyote vinafika wakati Desemba imekwisha kula mshahara uliotoka mapema. Ukianza mpango Agosti au Septemba, mgao wa kikoba wa Desemba usiugawe kwa madeni yote. Ukishakatwa mkopo, ile 150,000 iliyobaki ni ya Januari. Iache kwenye akaunti isiyo na kadi.

Kumficha mwenzi. Mpango wa mtu mmoja ndani ya nyumba ya watu wawili haufiki mwezi wa tatu. Mume au mke asiyejua ataona tu kwamba chakula kimepungua na runinga imeondoka, naye atakopa kuziba pengo. Mwonyeshe daftari lote, pamoja na ukurasa wa nyuma.

Kwa asiye na mshahara, mwezi ni kipimo kirefu mno. Fanya hesabu kwa siku. Mama lishe anayehitaji 104,500 kwa mwezi anahitaji kama 4,000 kwa siku 26 za kazi, na iingie kibubu au akaunti ya simu kabla ya kununua mahitaji ya kesho, huku mtaji ukikaa mfuko tofauti. Fedha ya mtaji ikilipa deni, deni litapungua wiki hii na genge litafungwa wiki ijayo.

Benki ikikupigia simu

Mwezi wa nane au wa tisa, ukiwa umepumua, ofisa mikopo atapiga simu kukuambia unastahili kuongezewa mkopo bila makato yako kubadilika. Maneno hayo ni ya kweli, na ndiyo yanayorudisha watu mwanzo. Kwa mwalimu wetu salio litakuwa kama 7,880,000 na zimebaki takribani miezi 36. Benki ikiuanza upya mkopo wake kwa miezi 84 kwa makato yaleyale ya 280,000, atapata mkononi kama milioni 6.2 kabla ya ada na bima. Kwa hiyo milioni 6.2 ataongeza miezi 48 ya kukatwa, ambayo ni zaidi ya milioni 13. Kama lengo ni nyumba ambayo msingi wake umekwisha kujengwa na hesabu ya bati iko mkononi, ni jambo la kukaa na kulipima. Kama ni “kupata ahueni”, jibu ni hapana, kwa sababu ahueni anayo tayari: ile 104,500 ambayo mwezi wa tisa haina mdai.

Ile 104,500 ipewe kazi kabla haijazoea kutumika. Miezi mitatu ya kwanza iende yote kwenye dharura. Baadaye sehemu iende SACCOS, kwa sababu vyama vingi hukopesha kwa kuzidisha akiba, na mwenye akiba huko hana haja ya kurudi mtaani mtoto anapochaguliwa kidato cha tano.

Kila deni linapokwisha, usiondoke mikono mitupu. Dai karatasi ya kumaliza deni yenye tarehe na saini, mkataba wako urudishwe, na hati au kadi yoyote iliyoshikiliwa. Kwa benki, omba barua ya kumaliza mkopo na uhakikishe taarifa yako imesahihishwa kwenye kanzidata za taarifa za mikopo; kwa Tanzania kampuni zilizopewa leseni ya kazi hiyo ni pamoja na Creditinfo na Dun & Bradstreet. Kisha angalia hati ya mshahara ya mwezi unaofuata, na ya mwezi ule mwingine tena. Makato ya mkopo uliokwisha huweza kuendelea mwezi mmoja au miwili kwa sababu taarifa ya kuyasimamisha haikufika kwa wakati, na fedha hiyo hurejeshwa kwa anayeiandikia barua akiambatisha hati zote mbili.